Historia ya Delamere haikuanzia Njoro

Mhariri,

Kila simulizi ya Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa Kenya ya ukoloni, ninayoisoma magazetini huanzia Njoro: Mwingereza anafika, mwaka wa 1903 anapewa ekari 100,000, basi. Nimefundisha historia huku Bonde la Ufa miaka mingi, na naona hadithi hii imekatwa kichwa.

Kichwa chenyewe kiko Cheshire, Uingereza, mahali paitwapo Vale Royal. Palikuwa monasteri ya Mfalme Edward wa Kwanza. Henry wa Nane alipozifunga monasteri, Thomas Holcroft alipachukua, akabomoa kanisa na kujipatia makao. Mwanzoni mwa karne ya 17 mjane mmoja, Mary Cholmondeley, alilinunua jumba hilo, na mwaka wa 1617 Mfalme James akawa mgeni wake. Baadaye, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, liliporwa na sehemu yake kuchomwa. Ukoo wa Cholmondeley haukuondoka. Mwaka wa 1821 ulipata ubaroni na jina la Delamere, na kizazi baada ya kizazi ukaishi kwa kodi ya wakulima waliolima ardhi isiyo yao.

Hugh, ndiye Lord Delamere wa Njoro, alirithi yote hayo mwaka wa 1887, akiwa kijana wa miaka 17. Kinachofuata ndicho wanafunzi wetu hawasikii. Njoro ilimshinda: kondoo walikufa kwa nyasi zilizokosa madini, ng'ombe wakamalizwa na maradhi, ngano ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Hasara hizo zilifidiwa kwa mali ya Cheshire, mpaka Vale Royal ikawekwa rehani. Kwa hiyo jasho la mpangaji wa Cheshire, ambaye huenda hakuwahi kusikia jina la Njoro, limo katika mashamba haya tunayoyapita kila siku.

Jumba lilipangishwa, na mwaka wa 1947 likauzwa kwa kampuni ya kemikali ya ICI. Soysambu, ranchi ya Delamere huku Elmenteita, ikabaki. Ukoo ulipoteza makao ya zaidi ya miaka 300 ukashika malisho ya Wamaasai, waliohamishwa kwenda Laikipia kwa mkataba wa 1904 na Waingereza, kisha wakaondolewa huko nako baada ya mkataba wa 1911. Hilo linaniuma kila ninapopita Elmenteita.

Naomba makala yenu ijayo kuhusu walowezi iiweke Vale Royal na mkataba wa 1904 katika ukurasa mmoja.

Mwalimu wa historia,
Gilgil