Mageuzi ya pensheni yasituruke sisi tuliokwisha kustaafu

Mhariri,

Pensheni ikichelewa hapa Kenya, lawama zote huelekezwa kwa Hazina ya Kitaifa. Ni haki yake, lakini tuwaangalie pia watumishi wa umma walio kazini, kwa sababu sauti yao ndiyo inayosikika mageuzi yanapopangwa.

Sheria ya mpango mpya, ambapo mtumishi huchangia pensheni yake mwenyewe, ilipitishwa mwaka 2012, ikaanza kutekelezwa Januari 1, 2021. Waliotakiwa kuitekeleza walikuwa watumishi wa umma wenyewe, na sijui ni nani hukimbilia kukatwa mshahara wake. Hata ilipoanza, makato yalikuja polepole: asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, kisha 7.5, huku serikali ikitia 15. Waliokuwa wamefikisha miaka 45 waliruhusiwa kubaki katika mpango wa zamani usio na makato. (Wakubwa wangapi wizarani walikuwa chini ya umri huo? Haya, tuyaache.)

Sina kinyongo na walimu vijana. Mtu mwenye mkopo wa sacco na karo ya watoto hawezi kukatwa 7.5 kwa mkupuo. Kinachoniudhi ni kwamba sisi wa mpango wa zamani hatukuwa na wa kutusemea. Mwalimu akistaafu, makato ya chama cha walimu hukoma, na chama nacho humsahau. Mjane wa mstaafu hulipwa pensheni kwa miaka mitano tu, kisha basi. Ni mgomo gani wa walimu uliowahi kuitishwa kwa ajili ya hilo?

Hapa Nakuru tunalijua vizuri. Walimu waliostaafu kuanzia 1997 bila nyongeza ya mshahara iliyokubaliwa mwaka huo waliishtaki wenyewe Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), na Mahakama Kuu ya hapa ikawapa ushindi 2008. Wengi walizikwa kabla ya kuona hizo pesa. Mwenzangu mmoja wa Njoro alikuwa akitembea na nakala ya uamuzi ndani ya mfuko wa nailoni, akiuonyesha kila karani wa benki.

Vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, pamoja na chama cha watumishi wa serikali, viruhusu wastaafu wabaki wanachama kwa ada ndogo, wenye haki ya kupiga kura. Na wabunge watakaporekebisha sheria ya pensheni, waanze na hiyo miaka mitano ya wajane.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru