Shukrani kwa yule hamali wa Malindi

Jamani namtafuta kaka mmoja hamali pale bandarini Malindi, Unguja, jina hata sikumuuliza, aibu yangu. Mwezi uliopita nakimbilia boti ya Dar, picha zangu tatu nimeziviringisha kama mkeka ndani ya bomba la plastiki, zinakwenda London kwenye maonyesho ya sanaa ya Afrika yaitwayo 1-54 (yaani bara 1 nchi 54) pale Somerset House, mara mvua hiyo na mfuniko wa bomba siuoni! Akavua koti lake la mvua akaufunga mdomo wa bomba akatoka nalo mbio mpaka botini, mwenyewe karowa chapachapa na pesa kakataa. Leo watu wa galari wamenitumia video, zimetundikwa, rangi haijachuja hata chembe. Kaka, ahsante sana, koti lako ninalo.