Watoto wa Nyando nao wapimwe

Mhariri,

Njaa ikitajwa, macho yote huelekea Turkana na Marsabit, na ni haki yao. Lakini hapa Nyando, mafuriko yakishabeba mahindi na mpunga, watoto hudhoofika vilevile, ila hakuna anayekuja kuwapiga picha.

Kipimo chenyewe cha utapiamlo ni utepe tu wa rangi wa kuzungusha sehemu ya juu ya mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali: apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na aliyevimba miguu yote miwili, ukibonyeza kwa kidole gumba pakabaki shimo, ana utapiamlo mkali hata utepe ukionyesha kijani. Majirani humsifu kwamba amenona!

Pakiti ya gramu 92 ya chakula-tiba cha karanga ni ya mgonjwa peke yake. Lakini sufuria ikiwa tupu, mama gani atawanyima ndugu za mgonjwa huyo? Kaunti ipeleke unga na maharagwe pamoja na pakiti hizo, na wahudumu wa afya ya jamii wapime nyumba kwa nyumba hata kabla maji hayajakauka.

Mkazi wa Ahero,
Kisumu