Barua kwa mwanangu: Idi hii, ushuke Voi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Babako anakusalimu, na magoti ya nyanyako yamepata nafuu.

Wa baadu, uliniambia kwenye simu kwamba Idi ya Mfunguo Tatu unakuja, na kwamba utakata tikiti ya treni moja kwa moja mpaka Mombasa. Usiikate kwanza. Nataka ushuke Voi, na nitakueleza kwa nini.

Unajua upepo wa kusi ukianza hapa Malindi biashara yangu inavyolala. Bahari inachafuka, mashua zinapandishwa pwani, mto Sabaki nao unamwaga udongo wa bara mpaka maji ya bahari yanageuka mekundu. Mama karanga kama mimi, muuza samaki wa kukaanga, bila samaki atakaanga nini? Mamkubwa wako wa Maweni, yule Mtaita wa kibanda cha mboga, akanipitia jioni moja: "Mimi nakwenda kwetu kupanda maharage. Ukitaka, ingia garini." Nikaingia.

Pikapu yake unaijua, na unajua anaiendesha mwenyewe. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, na mahamri, mbaazi za nazi na chupa ya chai. Kilifi tukavuka daraja. Yeye bado anakumbuka foleni za feri, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Mavueni tukakata kulia, tukapita Kaloleni katikati ya minazi, tukatokea Mariakani kwenye msururu wa malori yanayongoja mizani. Hapo hapana la kusimulia.

Nyika ya Taru wewe umeizoea kavu, tena mara nyingi unaipita usiku umelala. Wakati wa mvua za mwaka ni nchi nyingine kabisa. Migunga imevaa majani mapya, maua meupe yanatambaa mpaka ukingoni mwa lami, na harufu ya udongo inaingia garini hata ukifunga vioo. Tuliona ndovu, wekundu kwa vumbi la kwao, wakipita chini ya tuta la reli mpya kwenye njia walizoachiwa.

Mackinnon Road tukasimama kwenye kaburi la Seyyid Baghali, kama wafanyavyo madereva wengi. Alikuja kutoka Bara Hindi kufanya kazi kwenye ile reli ya zamani, na watu husimulia kwamba karai lake lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Nikasoma Fatiha, nikakuombea. Mamkubwa ni Mkristo, hilo unalijua. Alivua viatu, akajitanda mtandio wangu wa akiba, akakaa nami kimya mpaka nilipomaliza. Nampendea mambo kama hayo.

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonifanya nikuandikie. Maungu akasimamisha gari kando ya barabara, akanyoosha mkono upande wa kusini. Kuna mlima umesimama peke yake katikati ya tambarare, kilele chake kimo ndani ya wingu.

"Ule ni Kasigau," akasema. "Nyanyake mamangu alizaliwa pale. Wakampeleka kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Malindi."

Mwanangu, mimi nimezaliwa Malindi, na mamangu kazaliwa Malindi, na habari hii sijapata kuisikia kwa mtu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walivuka kutoka upande ambao leo ni Tanzania, wakaiteka Taveta. Mwaka uliofuata wakaifikia Kasigau. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba ndio waliomwonyesha adui njia, na hawakutafuta nani ana hatia na nani hana. Waliwazoa watu wa mlima ule, wazee, wanawake na watoto, wakawaleta Malindi, kwenye joto na maradhi wasiyoyazoea, mbali na mashamba yao. Wengi walikufa huku. Waliobaki walikuja kuruhusiwa kuondoka, lakini miaka mingi ilipita kabla hawajarudi kwenye mlima wenyewe.

Huyo nyanyake mamake alikuwa mtoto wa kubebwa na kushushwa njiani. Aliondoka Malindi bila mama na bila ndugu zake wawili. Walizikwa wapi, hakuna ajuaye. Mamkubwa ameishi mji huu tangu ujana wake, amewauzia watu wetu mboga, amezika na sisi na kuozesha na sisi, na kila apitapo penye makaburi ya zamani yasiyo na alama huwaza kama ni pale. Alinieleza hayo injini imezimwa, mikono i kwenye usukani, na kila lori likitupita pikapu inatikisika. Nikamuuliza mbona miaka yote hii hakuniambia. Akasema hadithi hii haisimuliki sokoni, inataka mlima wenyewe uwe mbele yenu. Nilimmiminia chai. Tulikaa pale mpaka ikapoa.

Voi tukakata kushoto, njia ya Taveta. Kabla ya Mwatate mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Kisha kulia, na kupanda kukaanza. Barabara ya Wundanyi inajipinda juu ya bonde, na kila kona Mamkubwa alipiga honi kabla hajaingia. Kwenye kona moja tukakutana na lori la kabichi linateremka. Utingo akaruka chini na jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu letu, Mamkubwa akaikokota pikapu pole pole, tukapishana kioo karibu kiguse kioo. Yeye na dereva yule wakawa wanaulizana hali za nyumbani kwa Kidawida, lugha ya kwao, bila haraka yoyote, nami nimeshika mlango kwa mikono miwili na kusoma kila dua niijuayo.

Juu kidogo ukungu ukatupokea. Mamkubwa akafungua dirisha, akaniambia nihisi upepo. "Huu ni wenu," akasema. Na ni kweli. Upepo wa kusi unaotufungia bahari hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi, unaivuka nyika yote pasipo kitu cha kuuzuia, mpaka unapoigonga milima hii. Hapo hauna budi kupanda, ukipanda unapoa, na ukipoa unaachia maji. Ndiyo maana Taru ni kukavu, na huku juu chemchemi zinatoka mabondeni na watu wamezichimbia mifereji tangu zamani. Siku ambazo mimi nakaa na karai tupu, kwao wanapanda. Kabichi na sukuma anazotuuzia Maweni, upepo ule una mkono wake humo.

Baridi yake, mwanangu! Nililala na leso mbili, sweta, na blanketi juu. Mashamba yamekatwa ngazi ngazi mlimani, migomba kando, maharage katikati ya mahindi. Walitupa kimanga, muhogo na maharage vimepondwa pamoja kwa mwiko mpaka vikashikana, na maziwa ya mgando pembeni. Nduguye Mamkubwa alitupeleka msitu wa Ngangao, ambao ni kipande tu kilichosalia cha msitu mkubwa wa zamani, na humo kuna ndege wasiopatikana popote duniani ila milima ya Taita. Vuria sikupanda. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote pale, mita 2,208, na wanasema asubuhi isiyo na wingu unaiona Kilimanjaro. Wewe una miguu, panda.

Lakini kwanza ukae na mamake Mamkubwa. Kikongwe yule alipokea kwa nyanyake majina ya Wakasigau waliokufa Malindi, na anayo kichwani, jina na ukoo, na huyu alikuwa mtoto wa nani. Alinitajia machache jikoni huku akichochea moto. Hayajaandikwa popote. Macho yamefifia, na kuna siku hachanganui jana na juzi. Wewe unaandika haraka na masikio yako ni mazuri. Kaa naye siku mbili, tatu, usimharakishe, akichoka mwache alale. Mimi na Mamkubwa tumeshaanza kuwazungukia wazee wa hapa mjini kuuliza kama yupo aliyeambiwa na wazazi wake watu wale waliwekwa wapi, na tukiwa na majina tutakuwa na cha kuulizia.

Kwa hiyo chukua ile treni inayosimama njiani. Mpwa wake Mamkubwa atakungojea Voi stesheni. Beba sweta nzito, si zile zako za mapambo, na umnunulie kikongwe sukari na majani ya chai. Halua na tende nitamtuma Mamkubwa, maana anapanda tena kupalilia. Nijibu kabla hujakata tikiti.

Mamako