Nadi kitabu, usijinadi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako niliupata juzi usiku na nimeurudia mara tatu. Kitabu kimetoka, mchapishaji anakuuliza una wafuasi wangapi, nawe una watu 60 na kitu huko Facebook, nusu yao ndugu zako. Unasema ukishika simu uandike tangazo, viganja vinaloa jasho. Nilicheka, lakini si kwa dharau. Nilijiona mwenyewe.

Sijakusimulia siku nilipotangaza kitabu changu cha kwanza. Niliandika sentensi moja tu: "Kitabu changu kimetoka." Niliiandika saa mbili asubuhi, nikaja kuibonyeza saa saba mchana. Hapo katikati niliongeza neno "hatimaye", nikaliona linaringa, nikalitoa. Nilirudisha, nikatoa tena. Nilipobonyeza nilizima simu nikaifukia kabatini chini ya mashuka. Jioni nilipoiwasha nikakuta watu 11 wameandika "Hongera", na hakuna hata mmoja aliyeuliza kinapatikana wapi. Wangeulizaje? Jina la kitabu lenyewe sikuwa nimeliandika.

Miaka yote hiyo nilijikinga na methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu sana kwa mtu mwenye haya, maana inakuruhusu ukae kimya na bado ujione bora. Ila hata hicho kizuri lazima kwanza kianikwe mahali watu wanapita. Kikiwa kimefungwa kwenye maboksi chini ya kitanda, kitamuuzia nani? Mende?

Sasa nakuja kwenye lile neno lako. Umeandika, "Mimi siwezi kujinadi." Nakurudishia neno hilo, lipunguze silabi moja. Toa "ji", ibaki kunadi. Nani amekuambia ujisifu? Hakuna anayetaka kusikia kwamba wewe ni mwandishi hodari, hata mimi rafiki yako sitaki. Watu wanataka kujua huyo mama wa kwenye kitabu chako kwa nini alichoma barua bila kuzisoma. Hilo unaweza kulizungumza usiku kucha, nimekusikia kwa masikio yangu, na wala hukuwa na haya hata kidogo. Haya inakupata pale tu unapogeuka kuwa wewe ndiye bidhaa.

Posti yangu iliyosomwa kuliko zote haina sura yangu. Ni picha ya ukurasa wa mswada uliochakazwa na wino mwekundu, mstari mmoja nimeuandika na kuukata mara sita. Chini yake niliandika: "Huyu alikuwa afe ukurasa wa 40. Nilimwonea huruma." Basi watu wakataka kujua kama alikufa baadaye. Mwingine akaniambia nimekosea kumwacha hai, tukabishana vizuri. Nilikaa siku mbili nikiwajibu mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipogundua jambo: kusimama mbele ya umati siwezi, lakini kuongea na mtu mmoja naweza mpaka asubuhi. Kumjibu mtu mmoja mmoja ni kazi ambayo wachangamfu wengi huichoka upesi. Sisi hatuichoki. Nakala zilizouzika kutokana na picha ile? Tisa. Sikudanganyi. Lakini wale tisa walirudi kwa kitabu cha pili, na baadhi yao walikuja na wenzao.

Chagua mtandao mmoja, ule ambao tayari unautumia kama msomaji. Usifungue kurasa tano kwa mkupuo, zitakuzeesha. Ukipenda Instagram, maelezo ya chini ya picha yanabeba hadi herufi 2,200, kwa hiyo mtu wa kalamu hakosi nafasi. Tatizo ni kwamba huonyeshwa mistari ya mwanzo tu, mingine inafichwa mpaka mtu abonyeze, basi weka utamu mapema. Na linki ukiibandika humo haibonyezeki. Iweke kwenye wasifu wako. Mimi nilibandika linki miezi miwili nikishangaa kwa nini watu hawanunui. TikTok nayo usiiogope kwa sababu ya kamera. Huko wapenzi wa vitabu wana baraza lao wanaloliita BookTok, na baadhi yao hawaonyeshi uso: ni mkono unaofungua kurasa, na sauti. Sauti yako ni nzuri, unajua. Kwenda laivu ni hiari. Mimi sijawahi na sina mpango.

Lakini kama ningekuwa wewe ningeanza na WhatsApp. Kuna ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, na kila mmoja anaupokea peke yake, kama umemwandikia yeye. Haumfikii asiyehifadhi namba yako, kwa hiyo unaongea na wanaokufahamu tu. Halafu kuna stetasi. Inafutika yenyewe baada ya saa 24 na unaweza kuchagua nani aione. Mimi nilijifunzia hapo: niliwaruhusu watu watano, kisha 20, kisha nikasahau kuwazuia waliobaki.

Jambo jingine dogo lililoniokoa: si lazima ubonyeze siku ileile unayoandika. Ukurasa wa Facebook unakuruhusu kupanga posti itoke siku na saa unayotaka. Ujasiri hauji kila siku. Siku ukija, andika posti nne, zipange, kisha kaa mbali na simu. Zima na zile taarifa zinazolia kila mtu akikulaiki.

Ila usiweke mayai yote humo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa takriban saa sita. Mwaka mmoja kabla, India ilikuwa imepiga marufuku TikTok, na watu waliokuwa na wafuasi kwa mamilioni wakaamka hawana hata mmoja. Msomaji akikuandikia kwa mapenzi, muombe barua pepe yake, iandike kwenye daftari. Watu 100 wa kwenye daftari ni wako, hawana mwenye mtandao wa kuwachukua.

Kuhusu hofu yako ya kuwasumbua watu: anayeiogopa ni nadra awe msumbufu. Niliwahi kumwona mwandishi mmoja akibandika linki ya riwaya yake chini ya tangazo la msiba. Wewe na yule mko sayari tofauti. Na atakayeandika kwamba kitabu kinachosha, atakuja tu, wangu alikuja wiki ya pili. Niliumia siku tatu. Sikumjibu.

Sasa, kabla ya Ijumaa nataka kitu. Usinitumie jalada, nimeshaliona. Piga picha ule ukurasa uliosema ulilia ukiuandika, uweke na mstari mmoja chini yake. Kama bado unaona haya, uweke stetasi niuone mimi peke yangu. Nitauliza kinapatikana wapi, kwa hiyo uwe na jibu.

Ni mimi,
swahiba wako wa kabatini