Safari ya Julai: tunakwenda Cuxhaven

Habari za jioni wapendwa,

Mpango umebadilika kidogo. Kisiwa cha Sylt kimetushinda bei, kwa hiyo tunakwenda Cuxhaven, mji wa pwani kaskazini mwa Ujerumani, Ijumaa 24 hadi Jumapili 26 Julai. Tumepata nyumba ya vyumba vinne mtaa wa Duhnen, ufukwe uko karibu.

1. Tukutane Hamburg Hauptbahnhof (stesheni kuu ya treni) saa 3 na nusu asubuhi. Mwenye Deutschland-Ticket (tiketi ya mwezi ya treni za mikoa na mabasi) haongezi nauli.
2. Mchango ni euro 140 kwa mtu mzima, 60 kwa mtoto, umfikie mweka hazina kabla ya Jumapili 28 Juni.
3. Jumamosi tunatembea baharini maji yakishakupwa. Sisi tuliokulia Tanga na Mombasa tunaijua bamvua, lakini huku bahari hurudi nyuma kilomita nyingi, na maji yakianza kujaa, mikondo hujaa kwanza nyuma yako ukiwa bado umesimama pakavu. Naomba sana, mtu asitangulie bila mwongozaji, na watoto washikwe mkono. Kufika kisiwa cha Neuwerk kwa miguu ni kama kilomita 10, kwa hiyo wazee wetu tutawakatia gari la farasi.
4. Leteni koti la upepo hata kama kuna jua. Pilau na viungo niachieni mimi. Nahitaji wawili wa kunisaidia jikoni.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa kufikia Alhamisi: NAKUJA, idadi ya watu, na kama kuna anayehitaji gari la farasi.

Asanteni sana.