Barua kwa Rehema: kichwa chako na moshi wa kituoni

Morogoro

Mpendwa Rehema,

Za Dar, shoga yangu? Sisi huku wazima, mvua zimeanza na watoto wanakusalimu.

Ujumbe wako umenikosesha raha. Unasema kichwa kinaanza kugonga saa tisa alasiri, mpaka ukifunga kibanda taa za magari zinakuchoma macho, na kila mtu anakwambia ni mawazo tu. Mimi sikubali. Nilipokuja niliona unapokaa: dirisha limeelekea pale daladala zinaposubiri abiria, konda anaita, injini haizimwi, moshi unaingia moja kwa moja. Ulifuta kaunta mbele yangu, kitambaa kikawa cheusi kama kilichopanguswa masizi ya sufuria. Na hilo ni vumbi kubwa tu, linalotua. Lile dogo kabisa unalivuta hadi ndani ya mapafu.

Watu wamelichunguza jambo hili. Santiago, mji mkuu wa Chile, uko bondeni chini ya milima ya Andes, na majira ya baridi hewa chafu hunasa palepale. Watafiti waliangalia waliolazwa kwa maumivu ya kichwa kati ya 2001 na 2005, wakakuta hewa ikichafuka, wagonjwa wanaongezeka. Lakini sitaki nikufiche upande wa pili: utafiti wa Boston, Marekani, uliotolewa mwaka 2009, uliwaangalia wagonjwa zaidi ya 7,000 waliofika hospitali kwa maumivu ya kichwa, ukakuta joto ndilo linalochochea kichwa, hewa chafu haikuonekana wazi. Sasa wewe, ndani ya kibanda cha bati, unavyo vyote viwili.

Moshi wa dizeli una kemikali kali, mojawapo akrolini, inayochokoza neva, yaani mshipa wa fahamu, uleule unaobeba maumivu ya uso na ya utando wa ubongo. Mwenye kipandauso, kama mama yako alivyokuwa, neva hiyo huwa nyepesi kuamka. Afrika Mashariki ilishusha salfa, kemikali inayozidisha uchafu wa moshi, kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua nzuri sana, ila injini kuukuu isiyotunzwa bado inatema moshi mweusi.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile jenereta ya jirani iliyo nyuma ya kibanda. Inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Umeme ukikatika, ukaona kichwa kinauma, kichefuchefu na kizunguzungu, na yule binti unayefanya naye kazi analalamika hivyohivyo, tokeni nje papo hapo. Msingoje kufunga hesabu. Na mwombe jirani aisogeze mbali kabisa na madirisha. Barakoa haizuii gesi hiyo, hata ile nzuri ya kuzuia vumbi.

Halafu panadol. Umeniambia unameza karibu kila siku. Rehema, ukifika siku 15 au zaidi kwa mwezi, na ukaendelea hivyo miezi kadhaa, dawa yenyewe huanza kuleta kichwa. Hilo nalo nakusihi ulishughulikie mapema, na daktari akusaidie kupunguza.

Kwenye daftari la miamala, ukurasa wa nyuma, andika kila kichwa kinapoanza: saa ngapi, foleni ikoje, joto likoje, umekunywa maji, umelala, uko kwenye siku zako au la. Andika na Jumapili ukiwa nyumbani. Tukiona Jumapili kichwa kimetulia, tutajua pa kushika. Ile fremu uliyoambiwa iko mtaa wa ndani, iulizie kodi. Moshi wa magari hukolea kando ya barabara na hupungua sana ukisogea mita mia mbili tatu. Najua wateja wako wanashuka kituoni, na kodi si mchezo, lakini hata kuligeuzia dirisha upande wa pili si haba.

Kichwa kikija ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, au na homa na shingo kukakamaa, au mkono kufa ganzi, maneno kukwama, nenda hospitali usiku huohuo. Hapo usisingizie moshi.

Nipigie ukishaongea na huyo jirani. Akikataa niambie, nije tukaongee naye pamoja.

Wako akupendaye,
Zubeda